Jengo la Chuo Mteremkoni: Maji Yapewe Njia Kabla Ukuta Haujainuka

Huku Masisi, katika milima ya Kivu nchini Kongo, ardhi tambarare ni adimu, na iliyopo ina wenyewe: ni shamba la maharage, ni malisho ya ng'ombe, au ni bonde ambalo mto hulidai kila msimu wa mvua. Ndiyo maana kamati inayoomba kiwanja cha chuo, kiwe cha ualimu, cha uuguzi au cha kilimo, mara nyingi hupewa ubavu wa mlima. Panda kutoka Sake hadi Mushaki, endelea Masisi-Centre, teremka Nyabiondo kuelekea msitu wa Walikale: utaona shule, zahanati na makanisa yamebanwa kwenye ngazi zilizochongwa kwa majembe.

Makala hii ni kwa wanaobeba dhamana ya majengo hayo: wajumbe wa kamati za ujenzi, wakuu wa vyuo, mapadri na wachungaji wanaosimamia miradi, machifu wa sheferi na wa grupema wanaogawa ardhi, na mafundi waashi. Haichukui nafasi ya mhandisi. Jengo la ghorofa lililochimbiwa mlimani halifai kuanzishwa bila hesabu zake, na pale Butembo kuna Institut du Bâtiment et des Travaux Publics inayofundisha kazi hiyo. Lakini vita vya miaka hii, vilivyofika Masisi-Centre Januari 2025 na Walikale-Centre Machi mwaka huohuo, vimefanya safari ya mhandisi kuwa ngumu na ghali. Akipatikana siku moja, kamati inapaswa kujua la kumuuliza, na akishaondoka ijue ni lipi fundi asiruhusiwe kulipunguza.

Mlima ukoje chini ya nyasi

Sehemu kubwa ya milima hii imefunikwa na udongo mwekundu wa mfinyanzi uliotokana na mwamba kuoza kwa muda mrefu sana chini ya joto na mvua. Mwamba mgumu unaweza kuwa mita nyingi chini. Upande wa mashariki, karibu na volkano za Virunga, majivu ya kale yametandazwa juu na mawe ya basalti yapo tele. Ukielekea Walikale unaingia kwenye miamba ya kale iliyooza na udongo wenye unyevu karibu mwaka mzima. Kote huko jambo ni moja: maji ya mvua hupenya tabaka la juu lililolegea, hufika kwenye tabaka gumu yasiloweza kulipita, hutulia hapo na kulainisha mpaka kati ya tabaka hizo mbili. Siku uzito wa juu unapozidi mshiko wa chini, mlima unateremka.

Msitu ulikuwa umeshika mengi. Utafiti ulioongozwa na Arthur Depicker na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba katika ukanda huu wa ufa wa Kivu kukata msitu huleta wimbi la maporomoko linalodumu takribani miaka 15, na udongo unaoondoka kwa maporomoko huongezeka mara 2 hadi 8. Kwa hiyo mwulize mzee wa kijiji swali hili kabla ya yote: mlima huu ulivuliwa miti lini? Jibu likiwa «miaka mitano iliyopita», kiwanja hicho kina hatari ambayo malisho yaliyokaa miaka hamsini huenda hayana.

Haya si mambo ya vitabuni. Tarehe 2 Aprili 2023, kule Bulwa, Masisi, udongo uliporomoka juu ya akina mama na watoto waliokuwa wakifua na kuosha vyombo kwenye kijito chini ya mlima. Watu wapatao 20 walikufa. Mwezi uliofuata, katika territoire jirani ya Kalehe, mvua za siku chache ziliishusha milima na mito juu ya Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 wakapoteza maisha.

Tembea kiwanja kabla ya kukikubali

Nenda mvua inaponyesha, au kesho yake. Ukienda Julai pekee utaona mlima uliolala. Tazama miti: shina lililopinda chini kisha likanyooka kwenda juu linasema udongo umekuwa ukitambaa taratibu huku mti ukijirudisha wima. Tafuta nyufa zenye umbo la mwezi mwandamo upande wa juu, na uvimbe wa udongo upande wa chini. Vikionekana vyote viwili, poromoko limekwisha kuanza na kiwanja hicho kikataliwe hata kama kimetolewa bure. Chemchemi iliyozuka mahali papya, au ya zamani iliyokauka ghafla, inasema maji yamebadili njia ndani ya mlima. Magugu ya majimaji katikati ya mteremko mkavu yanasema vilevile.

Kisha chimba. Mashimo matatu ndiyo kiwango cha chini: moja juu ya kiwanja, moja kati, moja chini, kila moja mita 2 hadi 3. Mtu asishuke kwenye shimo linalopita kifua bila kuta zake kuzuiwa kwa mbao. Wachimbaji wa migodi ya Rubaya wanajua vizuri kuliko mtu yeyote udongo huu unavyofunga bila kuonya. Andika unachokiona kila nusu mita: rangi, mawe, unyevu. Chukua udongo, uloweshe kidogo, uviringishe kati ya viganja. Ukitoka uzi mwembamba wa milimita 3 usiokatika, ni mfinyanzi, nao huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Acha mashimo yakiwa yamefunikwa juu na kuzungushiwa uzio, kisha rudi baada ya mvua kadhaa uone maji yamesimama kina gani. Daftari hilo mpe mhandisi. Litamwokolea safari nzima.

Kupima mwinamo hakuhitaji chombo cha kigeni. Mpira wa maji unaoonekana ndani, ambao kila mwashi anao, pamoja na futi kamba, vinatosha kujua ardhi inashuka mita ngapi kwa kila mita kumi za kwenda mbele.

Maji kwanza

Hapa ndipo fedha nyingi za kamati zinapopotea kwa kutotumika. Ramani ya jengo huchorwa, rangi ya mabati hujadiliwa kwa kikao kizima, na mtaro huachwa uwe kazi ya salongo baada ya uzinduzi. Nasema bila kusita: mtaro ni sehemu ya muundo wa jengo kama nguzo zilivyo, na uchimbwe kabla ya msingi.

Mtaro wa kwanza ni wa kukinga. Unapita juu ya kiwanja, mita kadhaa kutoka ukingo wa mchongo, ukikamata maji ya mlima na kuyapeleka pembeni hadi kwenye kijito cha asili. Ujengwe kwa mawe na saruji, kwa sababu mtaro wa udongo mtupu mteremkoni ni mbegu ya korongo, na ukipasuka unayaingiza maji hasa pale usipoyataka. Uwe na mwinamo mdogo wa kudumu; penye kushuka kwa ghafla uwekwe ngazi za mawe za kupunguza kasi.

Mtaro wa pili ni wa paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la madarasa lenye mita 10 kwa 40, likipigwa mvua ya milimita 50 mchana mmoja, jambo linaloweza kutokea Masisi, linamwaga lita 20,000. Maji hayo yakidondoka pembezoni mwa msingi mwaka baada ya mwaka, hakuna betoni itakayovumilia. Weka mifereji, jaza matangi, na ziada ishuke kwa bomba au ngazi ya mawe hadi chini kabisa. Tangi lenyewe lina uzito: lita 10,000 ni tani 10, na mahali pake ni juu ya ardhi iliyochongwa, kamwe si ukingoni mwa udongo uliojazwa. Shimo la choo na maji ya bafu vikae chini ya jengo na mbali nalo. Choo kilichochimbwa upande wa juu kinaulowesha mlima hata wakati wa kiangazi.

Kinshasa ina funzo la aina hiyo. Chuo Kikuu cha Lovanium, kilichoanzishwa mwaka 1954 na leo ni Chuo Kikuu cha Kinshasa, kilijengwa juu ya Mont-Amba, mlima wa mchanga. Jiji lilipoizunguka milima ya aina hiyo kwa mapaa na barabara, maji yaliyokuwa yakinywewa na mchanga yakakusanyika kwenye njia chache na kuchimba makorongo yanayomeza nyumba. Tarehe 13 Desemba 2022 mvua iliua zaidi ya watu 100 jijini humo na kuikata barabara ya kitaifa namba 1 huko Mont-Ngafula. Udongo wetu ni mfinyanzi, si mchanga, lakini sheria ya maji yaliyokusanywa ni ileile.

Kuchonga na kujaza

Fundi akipewa mteremko, njia rahisi kwake ni kuchonga upande wa juu na kutupa udongo upande wa chini hadi apate uwanja. Jengo linalosimama nusu juu ya ardhi iliyochongwa na nusu juu ya udongo uliotupwa litapasuka katikati, kwenye mstari ambapo aina hizo mbili zinakutana, kwa sababu udongo uliojazwa utaendelea kushuka kwa miaka. Misingi yote ifike kwenye ardhi ya asili. Udongo uliojazwa uachiwe bustani na njia, nao ushindiliwe kwa tabaka nyembamba za sentimita 20.

Urefu wa jengo ufuate mlima, usiukate. Mteremko ukishuka mita 1 kwa kila mita 3, jengo lenye upana wa mita 9 linadai tofauti ya kimo ya mita 3. Ligawe liwe na sakafu mbili zilizopishana, na kila mchongo utakuwa mita moja na nusu tu. Msingi wenyewe uteremke kwa ngazi zilizolala sawasawa. Kamwe usimwagwe ukifuata mwinamo. Pale ngazi moja inapokutana na nyingine, ya juu iilalie ya chini kwa urefu usiopungua mara mbili ya kimo cha ngazi.

Sasa ukuta wa nyuma, ule unaoushika mlima. Chukua ukuta wa mita 3. Udongo wa kawaida ulio mkavu huusukuma kwa nguvu ya takribani tani 2.7 kwa kila mita moja ya urefu wake. Udongo huohuo ukijaa maji hadi juu, msukumo unapita tani 5. Ukipandisha ukuta hadi mita 6, msukumo haupandi mara mbili, unapanda mara nne, na nguvu ya kuupindua inapanda mara nane. Hesabu hii ndiyo inayofanya kuta mbili za mita 3, zilizoachana angalau mara mbili ya kimo cha ukuta wa chini, ziwe salama kuliko ukuta mmoja wa mita 6.

Ushauri wangu kwa chuo kidogo ni kutoutumia ukuta wa darasa kuushika mlima kabisa. Jenga ukuta wa kuzuia udongo peke yake, acha nafasi ya mita moja na nusu yenye sakafu na mtaro, ndipo lije darasa. Nafasi hiyo huonekana kama hasara siku ya kupima kiwanja. Baadaye ndiyo inayoleta hewa na mwanga, ndiyo inayokuwezesha kuona ufa, na ndiyo inayoweka chumba kikavu. Kwa mteremko mkali, kanuni za ujenzi zinazotumika Marekani hudai jengo likae mbali na mguu wa mteremko kwa nusu ya kimo cha mteremko huo, hadi mita 4.5 hivi, na mbali na ukingo wa juu wa bonde kwa theluthi ya kimo cha mteremko unaoshuka, hadi mita 12. Ni kipimo kizuri cha kuanzia penye mlima uliotulia.

Pale ambapo lazima jengo lichimbiwe mlimani, ukuta wake wa nyuma uwe wa betoni yenye vyuma, uliopigiwa hesabu, wenye mawe ya changarawe nyuma yake kwa unene wa sentimita 30 na bomba lenye matundu chini linalotoa maji nje. Ukuta wa mawe wa kawaida unapaswa kuwa mnene chini kwa angalau nusu ya kimo chake, na uwe na matundu ya kutoa maji kila mita moja na nusu au mbili. Ukiona ukuta mpya usio na tundu hata moja, simamisha malipo. Magabioni, yale masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, yanafaa sana hapa: maji hupita katikati yake, hayavunjiki mlima ukisogea kidogo, na basalti ya Sake ni jiwe zito lisilooza. Kinachohitajika ni waya wenye zinki na fundi anayepanga mawe kwa mkono badala ya kuyamimina.

Ardhi inayotikisika

Kivu ni bonde la ufa, na mteremko huongeza madhara ya tetemeko. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko la Toro, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, liliua zaidi ya watu 100. Kalehe ilitikiswa Oktoba 2002, Bukavu na Rusizi Februari 2008. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, mitetemo ya siku zilizofuata ilipasua nyumba nyingi za Goma na Gisenyi ambazo lava haikuzigusa.

Jengo la mlimani lina udhaifu wake wa pekee. Upande wa bonde nguzo ni ndefu, upande wa mlima ni fupi. Watu huogopa zile ndefu kwa kuwa zinaonekana nyembamba. Hatari iko kwenye zile fupi. Nguzo ya mita 2 ni ngumu kupindika mara 8 kuliko nguzo ya mita 4 yenye unene uleule. Kwa hiyo ardhi inapotikisika, nguzo fupi hubeba karibu mzigo wote na kupasuka kwa mshazari, kisha jengo linajizungusha na kuanguka. Mwulize mhandisi waziwazi: «Nguzo za upande wa mlima umezifanyaje?» Anaweza kuigeuza sehemu ya chini kuwa sanduku la kuta za betoni, anaweza kuanzisha nguzo zote kwenye kimo kimoja, anaweza kuligawa jengo refu katika vipande vilivyoachana sentimita kadhaa ili kila kimoja kicheze peke yake. Akikosa jibu, tafuta mwingine.

Kwa jengo la kawaida la ghorofa moja, mikanda ya betoni yenye vyuma ndiyo uhai wake: mmoja juu ya msingi, mmoja juu ya madirisha, mmoja chini ya paa, yote ikizunguka bila kukatika na kufungwa kwenye nguzo za pembeni. Mafundi wa Goma wanaijua kwa jina la shenaji, na ndiyo ya kwanza kupunguzwa vyuma fedha zikiisha. Pete za vyuma ndani ya nguzo zikaribiane zaidi karibu na ncha za juu na chini, na ncha za kila pete zipindwe ndani, si kufungwa kwa pembe ya mraba tu.

Betoni ya nguzo na mikanda huhitaji saruji kilo 350 kwa mita ya ujazo, yaani mifuko 7 ya kilo 50, na maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, kukiwa na hesabu ya unyevu uliomo kwenye mchanga. Barabara ya Sake hadi Masisi ikiharibika mvuani, magari hukwama siku nyingi na saruji hufika ikiwa imeganda mabonge. Bonge lisilovunjika kwa vidole lirudishwe. Mchanga wa mtoni upime: theluthi ya chupa iwe mchanga, jaza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu. Tope linalotua juu likizidi sehemu ya kumi ya mchanga, uoshwe. Na betoni ilowanishwe siku 7. Majani ya migomba juu yake yanasaidia sana.

Walikale, ambako mbao ni tele na saruji hufika kwa shida, ningependekeza kwa moyo wote madarasa ya fremu za mbao juu ya msingi wa mawe, ghorofa moja, mabati juu, mbao zikiwa zimeinuliwa kutoka ardhini na kukingwa na mchwa. Ni mepesi, yanapinda bila kuvunjika, na mlima unayabeba kwa urahisi. Vijengo vitano vidogo vilivyofuata mlima ni chuo kamili, na kimoja kikipata shida masomo yanaendelea katika vinne. Wafadhili hupenda jengo moja kubwa lenye ghorofa tatu kwa sababu ya picha. Kamati ina haki ya kukataa.

Kazi ya udongo ifanyike Juni hadi Agosti. Mchongo usiachwe wazi mvua za Septemba zikianza: zipandwe nyasi za setaria au vetiva, ambayo mizizi yake hushuka mita 2 na zaidi. Mikaratusi iliyopo juu ya kiwanja isikatwe yote kwa pamoja, kwani visiki visivyochipua tena vikioza baada ya miaka michache mshiko wake unakwisha, na mlima unabaki na mashimo ya kunywa maji.

Baada ya uzinduzi

Chagueni mtu mwenye jina na mshahara, hata mdogo, wa kutembea mitaro yote kabla ya Septemba, kabla ya Februari, na kesho ya kila mvua kubwa. Aondoe majani na tope, azibue matundu ya ukuta, aandike tarehe. Maji yakiacha kutoka kwenye matundu wakati mvua inanyesha, changarawe ya nyuma imeziba, na ukuta uko hatarini.

Ufa ukionekana, gundisheni kipande cha kioo juu yake kwa saruji laini, kikiwa kimeandikwa tarehe. Kioo kikibaki kizima miezi sita, ufa ni wa kale na unaweza kuzibwa. Kikivunjika, pigilieni misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, na mpime umbali kati yao kila wiki. Umbali ukiongezeka, milango ikianza kukwama, na mpasuko ukionekana kwenye nyasi upande wa juu, hamisheni wanafunzi siku hiyohiyo pamoja na wote wanaoishi chini ya jengo, mara nyingi wakiwa wakimbizi wa ndani waliopewa sehemu ambayo hakuna aliyeitaka. Elekezeni maji ya juu mbali, funikeni mpasuko kwa shitingi, tumeni habari kwa chifu, kwa administrata wa territoire na kwa ulinzi wa raia. Asirudi mtu ndani hadi mhandisi afike, hata kama mvua imeacha na jua limewaka siku tatu: maji huchukua muda kushuka ndani ya mfinyanzi, na mlima unaweza kuondoka kukiwa kukavu.